Vina vya Kiingereza vifunzwe kwa sikio, si kwa jicho

Mhariri,

Kila mara matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, ukurasa huu wa barua hujaa lawama kuhusu Kiingereza cha vijana wetu: mzazi humlaumu mwalimu, mwalimu huilaumu simu ya mkononi, na mwishowe wote wawili hupatana kuilaumu Sheng. Mimi hufundisha Kiswahili katika shule ya kutwa hapa Kisumu, na huenda msomaji akauliza mwalimu wa Kiswahili ana lipi la kusema katika kesi isiyomhusu. Inanihusu, kwa sababu kuna kosa moja la Kiingereza ambalo wanafunzi hulitoa katika somo langu, tena hulitoa kwa kuwa wamelielewa somo langu vizuri. Kosa lenyewe ni kuamini kwamba maneno yanayoishia kwa herufi zilezile huishia pia kwa sauti ileile.

Nieleze kwanza mahali kosa hilo linapogharimu alama. Karatasi ya kwanza ya Kiingereza katika KCSE, yaani mtihani huo wa kidato cha nne, ina alama 60, na nusu yake, yaani alama 30, hutengewa stadi za kusikiliza na kuzungumza, ambazo kwa ajabu ya mambo hupimwa kwa kalamu na karatasi. Mtahiniwa huwekewa shairi akatakiwa aeleze mpangilio wa vina. Hupewa neno atafute jingine linalotamkwa sawa nalo ingawa limeandikwa kwa namna nyingine. Hupewa maneno kadhaa abainishe lile ambalo sauti yake imejitenga na wenzake. Katika chumba kizima cha mtihani hakuna anayefungua kinywa. Kijana analazimika kusikia kwa macho, na macho hayo yamelelewa na Kiswahili, lugha ambayo neno lake huishia kwa irabu na kila irabu ina sauti moja tu, iwe mwanzoni, katikati au mwishoni. Tunapofundisha shairi la tarbia tunamwelekeza ahesabu mizani 8 kwa 8, kisha apige mstari chini ya silabi ya mwisho ya kila kipande. Hahitaji kulisoma shairi kwa sauti ili ajue kama mtunzi ameteleza, ingawa angelisoma angelipenda zaidi.

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili aliniletea daftari lake la Kiingereza wakati wa masomo ya jioni, mwalimu wake akiwa amekwisha kuondoka. Alikuwa amenakili maneno ya mwisho ya mishororo mitatu, "love", "move" na "stove", na chini ya kila "-ove" amepiga mstari kwa rula na kalamu nyekundu, jinsi ninavyowataka wafanye kwa vina vya Kiswahili. Pembeni aliandika a, a, a. Nilimwomba ayasome kwa sauti. Akasoma "lav", akasoma "muuv", akasoma "stouv", halafu akanyamaza na kuyatazama tena maneno yale kana kwamba kuna mtu aliyeyabadilisha pale alipokuwa akivuta pumzi. "Lakini mwalimu," akasema, "si yameandikwa sawa?"

Swali hilo linastahili jibu bora kuliko "Kiingereza ndivyo kilivyo", ambalo ndilo wengi wetu tulipewa tukiwa darasani. Jibu lipo, na halihitaji shahada. "Love" ni neno la Waingereza wenyewe, na katika Kiingereza cha kale lilikuwa "lufu", kwa u. Katika hati za zama za kati herufi u, v, n na m zote ziliandikwa kama vijiti vifupi vilivyosimama sambamba, na maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba waandishi walianza kuweka o mahali pa u ili msomaji asibabaike kuhesabu vijiti. Ndiyo maana hata "son" na "come" yana o ambayo haisikiki. "Move" lilitoka Ufaransa, likaja na o yake na historia yake. "Stove" liliingia kutoka lugha za Uholanzi na kaskazini mwa Ujerumani. Haya ni maneno ya koo tatu yaliyovishwa sare moja, na kijana akadhani yamezaliwa tumbo moja.

Tena, kosa lake si la kuchekwa. Shakespeare, katika soneti yake ya 116 iliyochapishwa mwaka 1609, anafunga kwa "proved" na "loved", na wataalamu wa matamshi ya kale wanaeleza kwamba siku hizo maneno hayo mawili yaliafikiana masikioni. Matamshi yakaachana baadaye, maandishi yakabaki pamoja, na kilichokuwa kina cha sikio kikageuka kuwa kina cha macho. Waingereza hawakukifuta. Washairi wao waliofuata waliendelea kukitumia huku wakijua wanachokifanya, jambo ambalo mwalimu wa Kiingereza hana budi kulikumbuka kabla ya kumkata mtu alama. Hata hivyo mtahiniwa anayekitambua kuwa ni kina cha macho, na yule anayekipigia mstari kwa kudhani kwamba kinasikika, hawajui kitu kimoja.

Upande wa pili wa kosa hili huonekana mara chache zaidi, kwa sababu huacha pengo badala ya alama nyekundu. Mwanafunzi yuleyule hupita juu ya vina halisi bila kuviona. "Shoe", "blue", "two", "crew", "you" na "through" yote huishia kwa sauti ya "uu", lakini hakuna mawili kati yake yanayofanana kwa tahajia. "Bear", "hair", "care" na "there" ni vivyo hivyo. Shairi linaloimba kwa mpangilio safi kabisa linaweza kuandikiwa jibu kwamba halina vina, na mwandishi wa jibu hilo ni kijana ambaye katika karatasi ya fasihi ya Kiswahili angetofautisha kina cha ukwapi, yaani cha nusu ya kwanza ya mshororo, na cha utao, cha nusu ya pili, bila kusita.

Mfano mashuhuri kuliko yote ni wa maneno yanayoishia kwa "-ough". "Though" husikika kama "dhou", "through" kama "thruu", "bough" kama "bau", "cough" kama "kof", "tough" kama "taf", na "thorough" kama "thara". Hizo ni sauti sita kwa herufi nne, na nimewaona watu wazima waliosoma wakilitamka "bough" kwa mashaka. Sisi wa Kiswahili tuna njia fupi ya kulifafanua jambo hili, kwa kuwa tunaijua sauti ya "kh" iliyomo katika salamu ya sabalkheri inapotamkwa na mtu wa pwani. Herufi g na h zilipowekwa pamoja katika Kiingereza cha zamani ziliwakilisha sauti ya aina hiyo, ya kukwaruza koo. Wajerumani bado wanayo katika neno lao la usiku, "Nacht", na Waskoti wanayo katika "loch", yaani ziwa. Waingereza waliiacha sauti ile taratibu, ila hawakuiacha kwa namna moja: katika maneno kama "cough", "tough", "laugh" na "enough" iligeuka f, na katika "though", "bough", "night" na "daughter" ilitoweka kabisa. Nayo "through" na "thorough", nisingependa kuliacha hili, hapo mwanzo yalikuwa neno moja. Mwanafunzi akishaelezwa hivyo huacha kuitazama "gh" kama mtego aliowekewa yeye binafsi.

Kuna kundi jingine ambalo nalipenda zaidi, kwa sababu linaonyesha kwamba hata maneno ya ukoo mmoja yanaweza kutengana. "Food", "good" na "blood" yote ni ya Kiingereza cha kale, na yote yalikuwa na irabu moja ndefu ya "oo" kama tunavyoitamka katika "choo". Kati ya mwaka 1400 na 1700, kwa makadirio, irabu ndefu za Kiingereza zilihama vituo vyake, na "oo" hiyo ikapanda kuwa "uu". "Food" lilibaki hapo. "Blood" lilifupishwa mapema, likaendelea kubadilika hadi likawa "blad". "Good" lilifupishwa baadaye, likasimama katikati ya safari, na sasa ni "gud". Mtaalamu wa Denmark, Otto Jespersen, ndiye aliyeyapa mabadiliko hayo jina la "Great Vowel Shift", yaani mhamo mkubwa wa irabu, mwanzoni mwa karne ya 20.

Bahati mbaya ya Waingereza ni kwamba mtambo wa kupiga chapa uliwafikia sauti zikiwa bado njiani. William Caxton alifungua karakana yake Westminster mwaka 1476, na tangu hapo vitabu vikaanza kuzigandisha tahajia ambazo vinywa vilikuwa vinaziacha. Kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755 ikazipa heshima ya kudumu. Marekani, Noah Webster katika kamusi yake ya 1828 aliweza kupunguza herufi chache, na mwandishi wa tamthilia wa Ireland, George Bernard Shaw, aliyefariki mwaka 1950, aliacha wosia kwamba sehemu ya fedha zake itumike kubuni alfabeti mpya ya Kiingereza. Alfabeti ilibuniwa, mchezo wake mmoja ukachapishwa kwayo mwaka 1962, na mambo yakaishia hapo.

Nasema haya bila majivuno ya lugha yangu. Tahajia ya Kiswahili ni aminifu kwa sababu kadhaa, na mojawapo ni kwamba bado ni changa. Washairi wa Lamu, Pate na Mombasa waliandika kwa hati ya Kiarabu kwa karne nyingi, na tahajia tunayoisahihishia leo ilisanifishwa na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, kwa msingi wa lahaja ya Kiunguja. Haijafikisha hata miaka 100. Wajukuu wa wajukuu zetu huenda nao wakawa na vina vya macho vya kuwaeleza watoto wao.

Nije sasa kwenye vinywa vyetu wenyewe, kwa maana hapa ndipo walimu wa Kiingereza huniambia kwamba kusoma kwa sauti hakutoshi. Wanasema kweli. Kiingereza cha wengi wetu katika Afrika Mashariki kina irabu tano, zile za Kiswahili, wakati Kiingereza cha London kina irabu zaidi ya maradufu ya hizo. Matokeo yake ni kwamba "hat", "hut", "heart" na "hurt", maneno manne tofauti kwa msikilizaji wa London, sisi huyatamka yote "hat". Kijana akiambiwa atafute neno lenye kina na "hut" akaandika "hat", amelisikiliza sikio lake kwa uaminifu na sikio limempa jibu la Kondele, mtaa wa hapa Kisumu. Kwa mwenye lugha ya kwanza ya Kidholuo, ambayo haina sauti ya "sh" wala ya "z", mambo huongezeka: "fish" hukutana na "fis", na maneno yote yanayoishia kwa "-tion" huenda yakaishia kwa "-sen". Vijana huita hali hiyo kushrabu na humcheka mwenzao mpaka anaacha kuinua mkono darasani. Naomba walimu tusishiriki kicheko hicho, kwa sababu mtoto aliyeacha kuinua mkono ndiye tutakayemkuta kwenye karatasi akipiga mistari kwa rula.

Wala tusidanganyane kwamba kuna sikio moja la Kiingereza linalokubalika duniani kote. "Caught" na "court" hutamkwa sawasawa London, kwa kuwa kule r iliyo mwisho wa silabi imekwisha kunyamaza, lakini mtu wa Chicago hatakubali kwamba maneno hayo yanalingana. Sikio linalotumika katika mitihani yetu ni lile la Uingereza ya kusini, na sina ugomvi nalo. Ninachotaka ni mwanafunzi aambiwe hivyo waziwazi, asome vina vya karatasi ile kama anavyosoma kanuni za mchezo ambazo hakuzitunga yeye, na arudi nyumbani Nyalenda au Mumias akiongea Kiingereza chake bila kuona haya.

Yapo pia maneno ambayo miisho yake inaaminika, na inashangaza jinsi tunavyochelewa kuwapa watoto habari hizo njema. Maneno yanayoishia kwa "-tion" au "-sion" huwekwa mkazo kwenye silabi inayotangulia mwisho huo, ambayo ndiyo silabi ya pili kutoka mwisho, na hapo ndipo mkazo wa Kiswahili ulipo katika karibu kila neno. Kwa hivyo "education", "information" na "examination" mkazo wake huja wenyewe kinywani mwa Mswahili bila kufundishwa. Shida huanza kwenye "-ity": "ability", "university" na "electricity" hutaka mkazo kwenye silabi ya tatu kutoka mwisho, na ulimi wetu uliozoea ya pili mara nyingi husogeza mzigo mahali pasipo pake. Maneno ya "-ic" nayo ni matiifu, mkazo ukiwa kwenye silabi iliyo kabla ya mwisho huo, isipokuwa machache kama "Arabic" na "arithmetic". Na "politics", ambalo wengi wetu hulikosea kila siku, ni mojawapo ya waasi hao, maana mkazo wake uko mwanzoni kabisa.

Kwa tahajia, mwalimu angeweza kumaliza jambo moja kwa dakika chache. Kati ya maneno yanayosikika kuishia kwa "siid", matatu tu huandikwa "-ceed", nayo ni "exceed", "proceed" na "succeed". Moja tu huandikwa "-sede", nalo ni "supersede", kwa sababu asili yake ni kitenzi cha Kilatini cha kukaa, si cha kwenda. Yaliyosalia ni "-cede". Kuhusu "-able" na "-ible" sina faraja ya kutoa zaidi ya kusema kwamba asili yake ni Kilatini, na kwamba maneno mapya huchukua "-able". Wapenzi wa mafumbo watanikumbusha kitendawili kilichoenea Marekani tangu miaka ya 1970, cha kutafuta neno la tatu linaloishia kwa "-gry" mbali na "angry" na "hungry". Katika Kiingereza cha kawaida halipo, na muda wa kulitafuta ungefaa kutumiwa kusoma shairi.

Walimu wenzangu wa Kiswahili tuna la kuchangia kwa sababu vina ni mali tuliyo nayo kwa wingi. Neno la Kiingereza linaweza kukosa mwenzi kabisa; "month" ni mfano unaojulikana. Kiswahili hakina yatima wa namna hiyo, na ndiyo sababu mshairi wetu wa jadi haridhiki na kina kimoja cha mwisho, hudai na cha kati. Washairi wa Kiingereza cha kale hawakutegemea vina vya mwisho. Walilinganisha sauti za mwanzo wa maneno, na desturi ya vina ikashika mizizi baada ya Wanomani kuingia mwaka 1066 na Kifaransa chao. Mwanafunzi anayeingia kidato cha kwanza akiwa na sikio la vina amekwisha kuvuka nusu ya safari. Linalobaki ni kumwambia kwamba katika lugha ya pili ashuku jicho kwanza.

Ninachopendekeza ni chepesi. Mwalimu wa Kiswahili na wa Kiingereza katika kidato kimoja wapange kipindi cha pamoja kila muhula, waweke shairi la Kiswahili na la Kiingereza ubaoni bega kwa bega, na wanafunzi wapige mistari ya vina wakiwa wamefumba macho, yaani mmoja akisoma na wengine wakiinua mkono pale sauti inaporudi. Tahajia iandikwe mwisho, baada ya mikono kuinuliwa. Kwa watungaji wa mitihani, ombi langu ni kwamba shule zinazoweza zipewe nafasi ya kupima sehemu ya stadi hizo kwa kusikiliza kweli, japo kwa sauti iliyorekodiwa. Najua gharama itatajwa, na najua shule nyingi za huku kwetu hupata umeme kwa vipindi, lakini redio ya betri ingetosha.

Kwako wewe mhariri, ombi ni kona ndogo katika ukurasa wa elimu, isiyozidi aya mbili kwa juma, itakayoeleza kundi moja la maneno ya Kiingereza yanayoishia kwa namna moja na kwa nini yanalingana au hayalingani, kwa Kiswahili ambacho mzazi wa Ahero au Webuye anaweza kumsomea mtoto. Niko tayari kuiandika bila malipo. Juma la kwanza ningeanza na "comb", "tomb" na "bomb", ambayo b yake ya mwisho imenyamaza kote kutatu huku irabu zikivutana kila moja upande wake, halafu juma linalofuata nieleze "thumb", ambalo b yake haikuwamo kabisa katika Kiingereza cha kale.

Wako mwaminifu,
Mwalimu wa Kiswahili,
Kisumu